Ubani na tini mkononi: kwa nini mafuta yale yale hunukia tofauti kwa watu wawili

SWALI: Shikamoo bibi. Nimenunua kichupa cha mafuta ya manukato ya ubani na tini hapa Tanga. Dukani nilipopakwa mkononi nilisikia kitu kikali, mfano wa tapentaini na majani mabichi, nikataka kukirudisha papo hapo. Muuzaji akaniambia nisubiri. Baada ya muda yakaanza kunukia tui la nazi, na usiku nilipolala shuka lilikuwa na harufu tamu ya vanila na moshi, nzuri sana. Dada yangu amepaka mafuta hayo hayo. Kwake hakuna tui wala vanila, ni ubani mkavu tu mwanzo hadi mwisho. Je, nimeuziwa kemikali? Tini yenyewe iko wapi? Na nifanyeje ili ninukie kama vile usiku?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jibu lenyewe ni fupi: hukudanganywa. Safari uliyoieleza ndiyo safari inayotakiwa ya mafuta ya aina hiyo. Ule ukali wa mwanzo uliokuchukiza ndio ubani wenyewe, na lile tui la nazi ndiyo tini unayoiulizia. Sababu zake ndizo ndefu, na nitakupa zote, kwa kuwa watu wengi huyatupa mafuta mazuri katika dakika tano za mwanzo kwa kutozijua.

Sisi wa pwani tunaujua ubani kwa moshi wake. Tumeusikia tangu utotoni kwenye chetezo, juu ya kaa la moto, kwa hiyo harufu tuliyonayo kichwani ni ya utomvu uliokwisha kuungua, nzito na yenye majivu. Mafuta ya ubani hayapatikani kwa kuchoma. Punje hupitishiwa mvuke wa maji, mvuke ukapoozwa, na mafuta yakatengana na maji. Kinachopanda na mvuke ni vile vitu vyepesi vya ubani, na katika ubani mwingi wa Omani na Somalia sehemu kubwa yake ni pineni, kitu kile kile kilichojaa kwenye tapentaini ya misonobari. Pamoja nayo kuna limoneni, iliyomo kwenye maganda ya ndimu na machungwa. Pua yako ilisema kweli, basi, ilipokutajia tapentaini. Ukitaka kuhakikisha, chukua punje moja ya ubani mzuri, usiichome. Iponde kwa kisigino cha kijiko, uisugue unga wake kwenye kiganja chenye joto, uinuse. Utasikia ndimu na msonobari, na nyuma yake pilipili manga. Moshi hutausikia hata kidogo.

Na ubani si mmoja. Mti wa Dhufari, kusini mwa Omani, ni Boswellia sacra, unaoota kwenye mawe makavu na kupatikana pia Yemen na Somalia. Mvunaji hukwangua gome kwa kisu, utomvu mweupe ukachuruzika, akauacha siku kadhaa ukauke na kuganda kabla ya kurudi kuukusanya, na mkwanguo wa kwanza hautoi ubani wa maana, ule unaouzwa ghali hutoka kwenye mikwanguo inayofuata. Biashara hiyo ni ya kale mno, na maeneo yake ya Dhufari yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Ethiopia ina mti wake, Boswellia papyrifera, ambao mafuta yake yamejaa oktili asetati, yenye harufu ya matunda inayoelekea kwenye chungwa, mbali na ule usonobari wa Dhufari. Kaskazini mwa Kenya, huko Wajir, Isiolo na Marsabit, wafugaji hukusanya wa Boswellia neglecta. Neno "ubani" kwenye kichupa, kwa hiyo, halikuambii mengi. Muulize muuzaji ni wa wapi. Akijua, umepata muuzaji.

Kuna jambo jingine kuhusu ubani ambalo limenipendeza sana. Mwaka 2016 watafiti wa Nice, Ufaransa, walieleza asidi mbili zilizomo kwenye ubani kwa kiasi kidogo kabisa, wakaziita asidi za olibaniki, na wakaonyesha kwamba hizo ndizo zinazobeba ile harufu ya kanisa la kale ambayo pineni peke yake haiwezi kuieleza. Ni nzito kuliko pineni, hazina haraka ya kuruka. Ndiyo maana ubani mzuri, ule utapentaini ukishapita, huacha nyuma yake kitu kikavu na kitulivu ambacho mtu hukitambua kuwa ni ubani hata kama hakuna moshi. Nadhani hicho ndicho dada yako anachokisikia, na wala hajapunjwa.

Sasa tini. Hakuna mafuta ya kunukia yanayokamuliwa kutoka kwenye tunda la tini na kutiwa kwenye manukato. Tunda lenyewe ni maji na sukari, harufu yake ni ndogo na haikamatiki. Mafuta ya mbegu za tini yapo, ni ya kupaka ngozi, hayabebi harufu unayoitafuta. Jani la tini lina harufu kali na nzuri, na zamani lilitolewa dondoo lake, lakini ndani yake mna psoraleni, vitu vinavyoifanya ngozi iungue vibaya ikipigwa na jua. Utomvu mweupe wa mtini una tabia hiyo hiyo, ndiyo maana wachumaji wa tini huko Bahari ya Kati hutokwa na malengelenge mikononi. IFRA, chombo cha kimataifa cha watengenezaji wa manukato, hakiruhusu dondoo hilo la jani litumike. Kwa hiyo kila tini unayoisikia kwenye kichupa imejengwa na mtu, kipande kwa kipande.

Imejengwaje? Simama chini ya mtini mchana wa joto, kama utajaliwa kufika Uturuki au Yemen au kwa mtu aliyeupanda uani, uvunje kikonyo cha jani. Kitatoka kitu cheupe, na harufu yake ni ya maziwa mabichi iliyochanganyika na ubichi wa majani na uchungu kidogo. Mkuyu wetu ni ndugu wa mtini na nao hutoa utomvu mweupe hivyo hivyo, ila harufu yake ni hafifu. Mchanganyaji huanza na ubichi, mara nyingi kwa kitu kinachouzwa kwa jina la Stemone, chenye harufu ya jani la tini lililokatwa sasa hivi. Kisha hutafuta maziwa, na hayo huyapata kwenye laktoni, hasa gama-nonalaktoni, ambayo viwanda vya vyakula huitumia kutia ladha ya nazi. Tui ulilolisikia ni hilo. Mzungu aliyezoea mitini huisikia laktoni ile akasema utomvu wa mtini, nawe mtoto wa Tanga umelelewa na wali wa nazi, utasema tui. Nyote mko sawa.

Ustadi huu si wa zamani. Mfaransa Olivia Giacobetti ndiye aliyetengeneza Premier Figuier ya L'Artisan Parfumeur mwaka 1994, kisha Philosykos ya Diptyque mwaka 1996, na tangu hapo ubichi uliokutana na maziwa ukawa ndiyo tini ya dunia nzima. Lakini iko tini ya pili, na hiyo sisi tunaijua zaidi: tini kavu, ile inayouzwa Ramadhani karibu na tende, yenye utamu wa asali na ngozi ya kutafunika. Kuijenga hiyo mchanganyaji hutumia jamii ya damaskoni, zinazonukia matunda yaliyokaushwa na kumkumbusha mtu waridi kwa mbali, akaziegemeza kwenye utomvu mtamu. Mafuta mengi ya ubani na tini hutumia zote mbili, jani mwanzoni na tunda kavu mwishoni. Kwa maelezo yako, yako yameegemea jani na maziwa.

Umeuliza kama ni kemikali. Ndiyo, sehemu ya tini imetoka maabara, na bila maabara usingekuwa na tini kabisa. Sioni aibu katika hilo. Aibu ni ya yule anayeandika "mafuta halisi ya tini, asilia tupu" na kuongeza bei kwa uongo huo. Ukimwona muuzaji anayeapa kwamba tini yake imekamuliwa kwenye tunda, mwache. Na ukimwona anayesisitiza kwamba ni ya jani halisi, usipake mahali panapopigwa na jua, si shingoni wala mikononi, mpaka uwe na hakika anachokisema si kweli.

Vanila na moshi wa usiku ni habari ya utomvu mwingine. Ubani peke yake hauwezi kukaa mpaka usiku, kwa hiyo mchanganyaji huuwekea wenzake wazito. Kwa harufu uliyoieleza, kwanza kabisa ningetaja benzoini, ambayo Waarabu huiita luban jawi. Ile ya Laos ina vanilini ndani yake kwa asili, na ndiyo inayoleta ule utamu wa kitanda chenye joto. Ningetaja pia labdanamu, utomvu unaonata wa kichaka cha Bahari ya Kati, wenye harufu ya kaharabu, ya ngozi ya mnyama iliyotengenezwa, na ya moshi kidogo. Manemane nayo huenda imo, na ndiyo inayozuia utamu usichukize, kwa ule uchungu wake wa dawa. Vitu hivi ni vizito, havirukiruki, vingine hata havionekani kuwapo saa ya kwanza, vikakufikia vyenyewe vile vyepesi vikishaondoka.

Hapo ndipo mafuta yanapotengana na manukato ya spiriti. Spiriti ikipuliziwa huruka kwa haraka na kurusha kila kitu hewani, ukasikia mwanzo, katikati na mwisho kwa kishindo. Mafuta hayana wa kuyarusha. Yanategemea joto la mwili wako tu, kwa hiyo huenda polepole na hukaa karibu, mpaka mtu akuinamie. Bibi zetu walipaka uturi nyuma ya masikio na kifuani kwa sababu hiyo hiyo. Wewe ulipakwa nyuma ya mkono, mahali pakavu na penye upepo wa feni ya dukani, ukahukumu kabla mafuta hayajapata joto. Kikaratasi cha kunusia ndicho kibaya zaidi, maana karatasi hunywa mafuta na haina joto. Kwenye mafuta ya utomvu usikitumie.

Sasa wewe na dada yako. Utasikia watu wakisema damu ya fulani haipatani na manukato. Damu haina kazi hapo. Kinachofanya kazi ni mafuta na unyevu wa ngozi, joto lake, kile kilichotangulia kupakwa, na pua ya anayenusa. Ngozi kavu huyaachia manukato haraka, na yenye mafuta huyashika. Ningependa kujua dada yako anapaka nini baada ya kuoga. Kama ni mafuta ya nazi kila siku, pua yake imekwisha kuizoea nazi, kwa kuwa nazi halisi nayo ina laktoni zake, na kilichozoeleka pua hukiruka. Tui lipo mkononi mwake, yeye halisikii. Mnuse wewe, usimtegemee yeye mwenyewe.

Au pengine alivaa nguo zilizofukizwa. Ubani uliochomwa na udi wa chetezoni vina nguvu kuliko tone la mafuta, na ukivaa kanga iliyotoka kwenye mafusho huwezi kusikia kitu kitamu na laini chini yake.

Jambo la tatu wanaolijua ni wachache, nami hulitaja kila ninapoulizwa. Utomvu mzito hutuama. Kichupa kikikaa wima wiki mbili rafuni, benzoini na labdanamu huweza kushuka chini na juu kukabaki vyepesi. Kitazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu au mstari wa rangi nzito chini, mmoja wenu amepaka mafuta ya juu ya kichupa na mwingine amepaka ya chini yake. Kishike kwenye viganja mpaka kipate joto, kisha kigeuze juu chini polepole mara kadhaa kila unapotaka kupaka. Usikitikise kwa nguvu na usikitie kwenye maji ya moto.

Ili upate harufu ya usiku mchana, fanya hivi. Oga, jifute ukiwa na unyevunyevu bado, upake mafuta mepesi yasiyo na harufu mahali utakapotia manukato. Vaselini isiyo na harufu inafaa sana. Tia tone moja kifuani na moja kwenye kiwiko kwa ndani, ukipenda na moja nyuma ya goti. Yaache. Usisugue viganja wala mikono pamoja. Watu husema kusugua huvunja manukato, si kweli, ila kunayatia joto ghafla na kuyahamisha, mwanzo ukapita upesi na nusu ya tone ikaishia kwenye mkono mwingine. Kisha fanya kazi zako saa nzima kabla ya kutoka. Kama shughuli ni saa kumi alasiri, paka saa tisa kasorobo. Wageni watakutana na maziwa na benzoini, na ule utapentaini utakuwa umebaki nyumbani.

Ukitaka kufukiza pia, fukiza nguo kwanza, zitikise, zivae, mafuta yaje mwisho juu ya ngozi. Na kwenye chetezo kiwe udi mkavu kidogo tu. Ule udi uliopikwa kwa sukari na manukato utayameza mafuta yako yote. Asumini na langilangi za kikuba sina ugomvi nazo, ila siku ya ubani na tini ziache. Maua meupe na laktoni vikikutana kwenye joto letu hulemea mtu kichwa. Kwenye nguo usipake, labdanamu huacha doa la kahawia ambalo sabuni hailitoi.

Jioni utadhani yameisha. Hayajaisha, ni pua yako imechoka. Kilichokufurahisha usiku ule ni kwamba ulikuwa umepumzisha pua, ukaingia chini ya shuka, joto la mwili likakusanyika, na harufu haikuwa na pa kukimbilia. Kabla ya kuongeza tone la pili, toka nje kwenye hewa dakika chache kisha urudi, au muulize mtu. Mafuta ya utomvu yakizidi ni mateso kwa abiria wenzako wa daladala, na wewe mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Kuhusu kuyaweka: kabatini, penye giza, kifuniko kikiwa kimefungwa sawasawa. Si dirishani na si kwenye gari. Pineni na limoneni zikikutana na hewa na joto kwa muda mrefu huchacha, na limoneni iliyochacha inaweza kuifanya ngozi iwashe. Siku ya kwanza paka tone kwenye kiwiko kwa ndani uache mpaka kesho yake. Ukiwashwa au ukitokwa na vipele, usitumie tena, hata kama uliyapenda. Watoto wachanga usiwapake.

Kwa dada yako nina pendekezo. Kesho asubuhi muoge nyote kwa sabuni isiyo na harufu, na asivae yeyote nguo iliyofukizwa. Geuza kichupa vizuri, kila mmoja atiwe tone moja kwenye kiwiko kwa ndani, mkono ule ule. Baada ya nusu saa mnusane, kisha tena baada ya saa tatu. Kama saa ya tatu wewe unasikia tui na benzoini mkononi mwake, basi ni pua yake, na itarudi akiacha mafuta ya nazi siku mbili tatu. Kama hata wewe husikii ila ubani mkavu, ngozi yake ni kavu na inaachia. Mpake vaselini kidogo chini ya tone na mjaribu tena kesho yake. Na ikibaki vile vile, akaupenda ule ubani wake mkavu, mwachie. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri zaidi ya mafuta hayo.